Miguu yote miwili imejaa

Toka Jumanne kuna sentensi imenikaa kichwani na leo Jumapili bado haijatoka. Tulikuwa Yuexiu, hapa Guangzhou, China, asubuhi na wale wazee wangu, tunafanya zile hatua 24 za tai chi, ule mchezo wa Kichina wa kusogea polepole, tumefika mikono ya mawingu pale unapoenda pembeni, mwalimu bibi akaja mbele yangu akanigusa bega kwa vidole viwili tu, nikayumba. Akasema, "Miguu yote miwili imejaa. Sasa utaondoka na upi?" Akapita zake kwa mwingine.

Iliniuma jamani. Hakukunja uso wala hakucheka, alikuwa ananitazama miguu tu, ila watu wote walisikia na yule mzee wa kofia akatikisa kichwa kukubali. Mimi toka nimehamia Guangzhou kazi yangu ni kugawa sawa, nusu huku nusu Tanga, nusu wateja nusu Mama, na nilikuwa najisifia hilo kimoyomoyo. Wiki nzima hii, kontena limeondoka bandari ya Nansha hatimaye, dada kajifungua salama mtoto wa kiume alhamdulillah, na mimi bado niko na "utaondoka na upi". Nikipanda ngazi za metro nasikia utaondoka na upi. Nikipiga mswaki hivyo hivyo.

Watu wengi wakisikia tai chi wanadhani mizani yake ni pande mbili kulingana, kumbe kwenye mchezo wenyewe uzito ukikaa sawa miguuni ni kasoro, maana hapo huwezi kugeuka, mtu akikusukuma huna pa kwenda. Yang Chengfu, mwalimu mkubwa wa tai chi ambaye aliwahi kufundisha hapa hapa Guangzhou na alifariki 1936, aliacha kanuni kumi, na ya nne ni kutenganisha kilichojaa na kilicho kitupu. Mguu mmoja unabeba, mwingine unapumzika, halafu wanapokezana. Ukiutoa mguu kinagusa kisigino kwanza, uzito wote bado uko nyuma, ukitaka kuurudisha unaurudisha bila kuyumba, ndipo polepole unaujaza na ule wa nyuma unabaki mtupu. Hata ile duara nyeusi na nyeupe mnayoiona kwenye fulana haijakatwa kwa mstari ulionyooka, upande mmoja ukifika mwisho wa unene wake mwenzake ndo anaanza.

Basi Alhamisi nikiwa stoo, saa tisa alasiri, Tanga saa nne asubuhi, Mama akapiga. Mnajua huwa inakuwaje, simu begani, kalamu mkononi, nahesabu katoni huku naitikia eeh, eeh, na nikikata simu nahesabu upya huku nawaza presha yake. Safari hii nikaweka kalamu chini, nikamwambia kijana wa stoo asubiri, nikakaa juu ya boksi. Tukaongea bei ya nazi, mjukuu ana masikio ya marehemu baba, bati la jikoni linavuja. Nikaona jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kucheka, sijui ni lini mara ya mwisho niliisikia ile. Akaniuliza, "Mbona leo umetulia hivyo mwanangu, unaumwa?" Nikamwambia siumwi Mama, niko na wewe tu.

Halafu nikarudi kwenye katoni na Tanga sikuiwaza kabisa mpaka nimemaliza, na sikujisikia kama nimemtupa mtu. Mwili ulikuwa mwepesi mpaka nikatembea kwa miguu hadi nyumbani Xiaobei wakati basi lilikuwepo. Nampenda sana yule mwalimu bibi. Nataka nimpelekee karafuu zile alizoleta shangazi.

Ila mwenye nyumba hapokei simu toka juzi. Kibali changu cha ukaazi kinaisha mwezi ujao na bila ile karatasi ya usajili wa polisi siwezi kuongeza muda, na jirani wa chini anasema kasikia nyumba inauzwa. Kesho nikitoka kazini napita kwa mwenye nyumba mimi mwenyewe nigonge mlango.