Siku Moja Maishani Mwangu: Kushika Makomeo ya Seva, Kirumba

Saa 12:00 asubuhi. Wiki hii ni mbalamwezi, kwa hiyo Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, Mwanza, kumepoa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka juu ya ziwa taa haiwavuti. Mitumbwi inalala, watu wanashona nyavu. Ndiyo maana nimechagua siku hizi kukagua usalama wa seva kwa skana, programu inayotafuta udhaifu. Wateja wangu ni chama cha akiba na mikopo cha wachuuzi wa dagaa. Mfumo wao wa michango uko kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali iliyo mtandaoni muda wote, na wakati wa giza, mwezi usipowaka na dagaa wakivuliwa, huwezi kuugusa: kila baada ya dakika kuna mtu anaweka au anakopa. Natoka Mabatini, nashuka mjini, napanda daladala nyingine ya Kirumba. Hakuna foleni.

Saa 2:00. Ofisini kwa mwenyekiti wa chama. Tunasalimiana Kisukuma; mayu ni mama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Umekuja na yale mambo yako?"

Nimekuja na karatasi moja: anwani ya seva, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nafasi ya sahihi. Akavaa miwani, akaisoma, akairudia.

"Kwa hiyo unataka kutuibia ili tujue kama tunaibika?"

"Hapana, baba. Nazunguka nyumba kwa nje, nashika makomeo. Siingii ndani."

"Na ukikuta limelegea?"

"Nakuja kwako. Siendi kwa mwingine."

Akasaini, akagonga na muhuri. Muhuri sikuuomba, ila nimeupenda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani na anayejiingiza kwenye kompyuta ya watu bila idhini, na skana inayobisha hodi kwenye maelfu ya milango, yaani njia zenye namba za kuingilia kwenye seva, haina sura ya mgeni mwema. Kampuni inayowakodishia seva nayo niliiandikia juzi, nikaisubiri ijibu. Usipowaambia, wakiona fujo ile wanakufungia kabla hujajieleza.

Saa 3:00. Nakodi seva pepe yangu mwenyewe ya kufanyia kazi, kipande cha kompyuta kubwa ya mbali: viini 4 vya prosesa, kumbukumbu (RAM) giga 8, diski giga 60. Mwezi uliopita nilijifanya mjanja nikachukua ya giga 2, kwa kuwa ni rahisi. Skana ilianza vizuri, kisha katikati ya kazi mfumo ukaiua kwa kukosa kumbukumbu, na mimi nikakaa nusu siku nikidhani nimekosea amri. Ubahili ule ulinigharimu kuliko hiyo seva kubwa.

Skana yenyewe ni OpenVAS, ambayo siku hizi inakuja ndani ya kifurushi cha Greenbone, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa 2008. Asili yake ni Nessus, programu aliyoianzisha Mfaransa Renaud Deraison mwaka 1998 ikiwa huria, msimbo wake wazi kwa wote. Mwaka 2005 Nessus ikafungwa msimbo wake, na watu wengine wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaliendeleza kwa jina jipya. Mimi nafaidi ugomvi wa watu nisiowajua, bila kulipa hata senti ya leseni.

Saa 4:00. Nimeshaweka Docker, programu inayoendesha nyingine ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, nimeshusha faili la maelekezo, nikaamuru kontena zote zishuke na kuanza. Ziko nyingi: ya skana, ya meneja, ya hifadhidata ya PostgreSQL, ya Redis inayotunza data za muda, ya ukurasa wa kuonea matokeo. Uzuri wa kufanya kazi hii kwenye seva pepe ni kwamba inayoshusha ni seva, iko huko Ulaya. Bando langu linapitisha maandishi tu. Ningekuwa nafanya kwenye laptopu yangu, la wiki lingeisha kabla ya chai ya saa 4.

Kitu cha kwanza baada ya kuwaka: kubadilisha nywila. Inakuja na mtumiaji admin na nywila admin. Cha pili ni kutokigusa kile walichokifanya vizuri. Ukurasa wa matokeo unasikiliza mlango 9392 kwa ndani ya seva tu, haufunguki kwa dunia. Mimi naufikia kupitia SSH, njia ya siri ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, naupitisha humo hadi kwenye laptopu. Nimewahi kuona mtu akiufungua kwa kila mtu ili "iwe rahisi". Yaani umeandika orodha ya makomeo mabovu ya mteja wako, halafu ukaibandika kwenye nguzo ya stendi.

Saa 5:00 hadi saa 8:30. Kusubiri. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema programu ni mbovu. Skana haina akili hadi ipakie taarifa zake: majaribio zaidi ya laki moja, pamoja na kumbukumbu za udhaifu unaojulikana na alama zake za hatari. Kushuka ni jambo moja, kupangwa kwenye hifadhidata ni jingine, na hilo la pili ndilo linalokula muda. Ukiharakisha kuunda kazi unapata ujumbe kwamba mpangilio wa uchunguzi haupatikani. Haujapotea. Haujafika.

Saa 6 na robo umeme ukakatika. Laptopu yangu betri yake ni ya kuombea dua, ikazima baada ya muda mfupi. Sikushtuka: kontena niliziwasha zijiendeshe zenyewe, hazinitegemei mimi kuwa mtandaoni. Nikaenda kwa mama lishe, nikala ugali na sato wa kukaanga, tukabishana kuhusu bei ya mkaa. Niliporudi umeme ulikuwa umerudi na skana ilikuwa bado inapanga vitu vyake.

Saa 9:00. Sasa iko tayari. Nikaandika anwani ya seva ya chama, nikachagua uchunguzi wa kawaida, nikabonyeza. Dakika chache tu: imemaliza. Matokeo: sifuri.

Mwenyekiti alikuwa amepita kuchungulia. "Safi kabisa?" akauliza, tayari anacheka.

Nami nilikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini seva ya miaka, iliyowekwa na kijana aliyeondoka bila kukabidhi, ikose hata kasoro ndogo? Hata seva nzuri hutoa angalau vidokezo viwili vidogo. Nikafungua maelezo, nikaona: seva haikuhesabiwa kabisa. Skana huanza kwa kuuliza "upo?" kwa pingi, ujumbe mfupi wa kubisha hodi, na seva ya chama imezuiwa kujibu pingi. Haikujibiwa, ikadhani hakuna mtu nyumbani, ikaondoka zake ikiandika kwamba kazi imekamilika.

Nikarudi kwenye mipangilio ya lengo, nikaiambia ihesabu seva iko hai hata isipojibu. Nikabonyeza tena. Mwenyekiti akavuta kiti.

Saa 12:00 jioni. Matokeo ya kweli yana rangi. Nitaje matatu tu.

La juu kabisa ni alama 10 za hatari kati ya 10: mfumo endeshi ni Debian 9, toleo la zamani ambalo hata huduma yake ya muda mrefu ya viraka vya usalama ilikoma Juni 2022. La pili, mlango 3306 wa hifadhidata uko wazi kwa dunia nzima. Yule kijana aliufungua ili afanye kazi akiwa kwao, akasahau. La tatu ni maonyo mekundu kadhaa kuhusu toleo la seva ya wavuti, programu inayotoa kurasa za mfumo, na hapa ndipo nilipopunguza jazba. Skana imesoma namba ya toleo tu. Debian wana kawaida ya kutia kiraka bila kubadilisha namba kuu, kwa hiyo nyekundu nyingine ni hofu ya bure. Kila tokeo lina asilimia ya uhakika. Mimi huiangalia hiyo kabla ya kuangalia rangi. Asubuhi nilisema siingii ndani, basi nikamwomba mwenyekiti ruhusa, nikaingia kwenye seva yenyewe, nikalinganisha vifurushi kimoja kimoja. Mawili yakafutika. Mengine yakabaki.

Mlango 3306 niliufunga palepale, kwa ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti na mweka hazina. Mfumo ukaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hakuna aliyekuwa anauhitaji.

Saa 1:30 usiku. Nimeshusha ripoti, nikaifunga kwa nywila, nikaifuta seva pepe yangu kabisa. Kuizima tu hakusaidii, kodi inaendelea kuhesabiwa. Niko kwenye daladala, mwezi umetoka juu ya ziwa kama sinia, simu inaita.

"Mayu, lile komeo umelifunga kweli?"

"Nimelifunga, baba."

"Na lile la kumi?"

"La kumi ni kuhamia seva mpya, baba. Hilo linataka kikao, na hela."

Kimya kidogo. Nikamsikia akimuuliza mweka hazina giza linaanza lini.