Jinsi nilivyopata mstari safi wa maharage kutoka katika mbegu ya kienyeji

Maharage ya njano tunayolima huku Rungwe, mkoani Mbeya, yanaweza kufanana punje kwa punje yakiwa gunioni, lakini shambani yakaonyesha mimea ya kila namna: mingine hutambaa, mingine husimama, na mingine huendelea kutoa maua wakati jirani zake zimeshakauka. Nilitaka mbegu ya mstari safi, yaani uzao wa mmea mmoja unaofanana wote, inayokomaa kwa pamoja na inayostahimili ugonjwa wa madoa pembe (ugonjwa wa kuvu unaotia majani madoa yenye pembe), nami niliamua kuitafuta humo humo katika mbegu yetu kabla ya kufikiria kuagiza nyingine.

Harage huirahisisha kazi hii kwa sababu hujichavusha lenyewe. Chavua huachiliwa ndani ya ua kabla halijafunguka, na uchavushaji kati ya mmea na mmea kwa kawaida hauzidi asilimia 5. Maana yake ni kwamba mimea mingi katika mbegu ya kienyeji tayari ni safi kwa nasaba yake. Kilichochanganyika ni kundi. Mkulima wa mahindi hana nafuu hiyo, kwani mahindi huchavushana kwa upepo, na ukiyalazimisha kujichavusha kizazi baada ya kizazi hudhoofika.

Wakulima wengi huchagua mbegu kwa kuokota punje kubwa baada ya kupura. Mwaka 1903 Wilhelm Johannsen wa Denmark alieleza kwa nini njia hiyo hufika mwisho haraka. Alitenga koo 19 za maharage, kila moja ikitokana na mmea mmoja, akakuta wastani wa uzito wa punje ukitofautiana kutoka takribani gramu 0.35 hadi 0.64. Ndani ya ukoo mmoja, hata hivyo, punje kubwa na punje ndogo zilizaa watoto wenye wastani ule ule, kwa sababu tofauti zao zilitokana na rutuba, maji na nafasi ya ganda kwenye mmea. Kwa mtazamo wangu, hili ndilo jambo kuu katika kazi nzima: mmea hupimwa kwa uzao wake.

Kwa hiyo msimu wa kwanza nilipanda punje moja moja kwa nafasi pana ili kila mmea uonekane peke yake, nikafunga utepe kwenye mimea iliyobeba maganda mengi na kubaki na majani safi. Niliiacha mimea ya pembezoni, kwa kuwa hupata mwanga na chakula kuliko mingine na hupendeza bila kustahili. Kila mmea ulivunwa na kupurwa peke yake, na mbegu zake zikawekwa katika bahasha yenye namba.

Msimu uliofuata kila bahasha ilipata mstari wake. Baada ya kila mistari michache nilipanda mstari wa Njano Uyole, aina rasmi ya maharage ya njano, kama kipimo, kwa sababu shamba letu lina mteremko na udongo wa chini una rutuba zaidi. Bila kipimo kilichorudiwa ningeusifu udongo nikidhani naisifu mbegu. Kando yake nilipanda maharage yanayougua upesi ili madoa pembe yaenee na kuijaribu mistari yote kwa usawa. Mstari uliougua niliuacha wote, hata kama ndani yake kulikuwa na mmea mmoja uliopendeza.

Mstari mmoja ulitoa maua meupe na ya zambarau kwa pamoja, dalili kwamba mama yake alikuwa amechavushwa na mmea mwingine. Mstari wa aina hiyo si wa kutupa, ila unadai subira: kila kizazi cha kujichavusha hupunguza nusu ya mchanganyiko wa jeni, kutoka asilimia 50 kwenda 25, kisha 12.5, hadi karibu 3 katika kizazi cha sita. Niliuweka kando uendelee kwa wakati wake.

Mistari michache iliyobaki ilirudiwa kwa misimu kadhaa katika vipande vilivyopangwa kwa kura, kisha ikapelekwa jikoni, ambako kina mama wa jirani walikataa mmoja uliozaa vizuri kwa sababu ulichelewa kuiva na mchuzi wake ulikuwa mwepesi. Niliuheshimu uamuzi huo. Mstari uliokubalika sasa nauzalisha katika shamba lililotengwa, nikikagua wakati wa maua na tena kabla ya kuvuna, na kung'oa kila mmea usiofanana. Majirani wanaulima kwa chakula, na ziada huuzwa kama maharage ya kula. Kuuuza kama mbegu rasmi kunahitaji kwanza majaribio ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, ya utofauti, usawa na uthabiti. Mbegu mchanganyiko ya awali bado naipanda kila mwaka katika kipande chake, kwa kuwa ugonjwa mpya ukija, mistari mingine itatafutwa humo.