Harusi bila kitunguu, na Ba anakula kabla jua halijazama

Jamani nimepotea humu karibu mwezi mzima na sababu ni moja tu, harusi. Sio yangu (ya kwangu ilishaliwa zamani, pilau na kila kitu), ni ya binti wa yule mama ninayenunua kwake viungo pale Madukani, mwaka wa kumi na mbili huu. Siku hiyo nimeenda kuchukua iliki zangu ananiambia dada kaa hapo kwanza, mwezi wa pili tunaozesha, watu mia tatu na ishirini, nataka wewe usimamie jiko la risepsheni. Nikasema hamna shida mama, kichwani nishaanza kupiga hesabu ya mbuzi. Akaniangalia akacheka. "Nyama hakuna dada. Mayai pia hakuna."

Hilo nililitegemea, Wahindu wengi wa Kigujarati hawagusi nyama. Kilichonikalisha chini ni upande wa bwana harusi. Wao ni Wajaini, dini nyingine ya kutoka India, na Mjaini anayeshika dini barabara hali kinachokua chini ya udongo: kitunguu, kitunguu saumu, viazi, karoti, mihogo, hata tangawizi mbichi. Ukiking'oa umeua mmea wote na vidudu vyote vilivyokaa pale, ndo wanavyosema. Na jua likishazama hawali tena mpaka kesho. Sasa wewe niambie, mtu umekaa Dodoma, malori ya vitunguu vya Singida yanapita hapo kila siku, unaambiwa pika harusi bila kitunguu. Nilirudi nyumbani sijasema na mtu.

Kesho yake nikarudi dukani, tukapanga menyu pale pale kaunta huku wateja wanakuja kupimiwa pilipili manga. Mama mtu alikuwa na karatasi yake ina vyakula ishirini na tatu. Nikamuuliza mama, hivi vya kula au vya kupigia picha? Mi kwenye shughuli nyingi za bufee nimeshaona mchezo wa wapishi: mchuzi mmoja wa nyanya, sufuria moja kubwa, halafu wanaugawa mara tatu, huku wanatia panir (jibini laini ya Kihindi), huku njegere, huku mboga mchanganyiko, kwenye kibao wanaandika majina matatu. Mgeni anajaza sahani anadhani kala vitu vitatu kumbe ulimi wake umeonja kitu kimoja. Kwa hiyo sheria yangu ikawa hivi, mchuzi mzito mmoja tu wa nyanya, basi. Kingine kiwe cha nazi, kingine kikavu, kingine cha maziwa, kingine cha kukaanga. Tukashuka mpaka kumi na moja, akanuna kidogo, akakubali.

Ule mchuzi mzito bila kitunguu ulinisumbua kuliko vyote maana sisi kitunguu ndo kinaleta uzito. Maharaj (ndo wanavyomwita mpishi wao, aliletwa kutoka Dar) akanionyesha: korosho zilizolowekwa na mbegu za tikiti unasaga pamoja, nyanya unazipika mpaka mafuta yajitenge, tangawizi ya unga maana ile kavu wanakula, na mvuje. Mvuje jamani! Bibi yangu alikuwa anautumia kwa watoto wakiliwa na chango, sikuwahi kufikiria kuutia kwenye sufuria. Ukiufungua unanuka hadi jirani anauliza, lakini punje kidogo ikigusa samli ya moto harufu inageuka kabisa, unaweza kuapa kuna kitunguu saumu humo ndani.

Panir tuliiweka kwenye chakula kimoja tu. Kilo moja inakula kama lita sita za maziwa, sasa piga mwenyewe gramu themanini kwa kichwa kwa watu wote hao uone ng'ombe wangapi wanahitajika. Biriani ya mboga, viazi nje, ndizi mbichi ndani. Mahindi ya nazi na karanga (karanga wengi wao wanakula, ni mbegu si mzizi), hiki ni chakula cha Wahindi wa huku kwetu, India ukikiuliza wengi hawakijui. Dali yao sasa, ile nyembamba ya ukwaju na sukari guru, ni mbaazi zilizokobolewa, hamna kingine. Nilipomwambia baba mdogo wa Kondoa kwamba nahitaji mbaazi akacheka kwa uchungu, 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje bei ilianguka akabaki na magunia ndani mpaka wadudu wakafungua kiwanda. Eti leo Wahindi ndo wananifuata nyumbani? Akaniuzia, bei ya ndugu lakini ya ndugu aliyeumia.

Kilichonifurahisha kuliko vyote kilitokea kwa bahati. Nilikuwa nalalamika tu kwamba wazee wetu wa Kigogo walioalikwa wataangalia hii bufee watauliza ugali uko wapi, angalau ningewawekea wa uwele. Mama mtu akashtuka, uwele? Akaingia ndani akatoka na unga wa uwele, ule ule wa Soko la Majengo! Kumbe kwao Kathiawad, huko Gujarat, uwele ndo mkate wa mkulima, wanauita rotlo, mnene, unapigwapigwa kwa viganja, unachomwa kwenye chungu, unakula na samli na sukari guru. Mwaka wa kumi na mbili nanunua viungo kwa huyu mama, hatujawahi kuongelea uwele hata siku moja. Basi tukaweka kona ya uwele, rotlo moto moto upande huu, ugali upande ule. Mboga yake nikataka biringanya la kuchoma la kuponda, akasema hapana, Ba (bibi yake bwana harusi) biringanya hali, lina mbegu nyingi mno. Nikafikiri nikafikiri, nikasema mlenda. Mlenda wa bibi yangu ni majani, nyanya, karanga na magadi, kitunguu hakijawahi kukanyaga humo.

Mengine yalienda haraka. Masufuria yangu yote yalikataliwa kwa sababu yameshapika nyama, tukaazima ya hekaluni. Keki ikaumuliwa na maziwa mgando na magadi soda. Zabibu zilikuwa msimu wake, tukaziweka nzima kwenye mabakuli. (Mi ningependa Agosti maana mvua haipo na zabibu zipo pia, ila kuanzia Julai hivi hadi Novemba ni Chaturmas, miezi yao minne mitakatifu, wengi hawafungi ndoa.)

Maharaj alitaka tupike sehemu mbili, ya Wajaini na ya wengine yenye vitunguu. Nikakataa. Jiko lina vijana tisa wana haraka, upawa mmoja ukitoka sufuria hii ukaingia ile Ba hali tena kitu, na wewe hutajua ni upawa gani. Kila kitu bila kitunguu. Ila wabongo wenzangu nawajua, nikaweka meza ya kachumbari peke yake kule karibu na geti, na bakuli zake na mtu wake.

Ikabaki saa. Mwezi wa pili jua la Dodoma linazama karibu saa moja jioni, na harusi zetu mnazijua, kadi inasema saa kumi na moja mtu ndo anaingia kuoga. Kwa hiyo tukagawa chakula mara mbili, awamu ya kwanza saa kumi na moja hadi kumi na mbili na nusu, unga wa puri (vile vimkate vya kukaanga) na rotlo, nusu yake ukasubiri awamu ya pili, ukichoma vyote mapema wa saa mbili atatafuna viatu.

Siku yenyewe wageni wa Dar wameshuka na SGR, wameoga, saa kumi na moja kamili wamekaa. Ba akaletewa rotlo, samli, na mlenda kwenye kibakuli. Akaunyanyua na kidole ukavutika, akauangalia unavyoning'inia, akaongea Kigujarati kirefu, roho yangu mkononi. Mama mtu akatafsiri: anauliza kama upo mwingine. Akala viwili. Saa kumi na mbili na dakika arobaini akaomba maji yake ya mwisho ya siku, akanywa, akafunika glasi.

Saa moja na robo gari la kwanza la wageni wa upande wetu likaingia getini, mzee mmoja akashuka anafunga vifungo vya koti, akaniuliza, "Mama, hatujachelewa sana eeh? Na nyama mmechoma wapi?" Nikamwonyesha meza ya kachumbari.