Nilivyoondoa ukungu kwenye picha za ubongo wa panya

Wenzangu mnaofanya kazi za ubongo, naandika hii maana najua wengi mnahangaika na picha zenye ukungu. Hapa Kampala tunatumia Miniscope V4, darubini ndogo ya chuo cha UCLA ambayo michoro yake iko wazi na yeyote anaweza kuiunda, ina gramu 2.6 tu hivyo panya anatembea nayo kichwani, na chini yake kuna lenzi ya GRIN, yaani kijiti cha kioo chenye kipenyo cha kama milimita 1 kinachozama mpaka ndani kabisa ambako darubini ya kawaida haifiki.

Sasa picha ikiwa mbaya watu wanakimbilia kuongeza mwanga wa LED, hapana jamani. Hii darubini inamulika tishu yote kwa pamoja, seli za juu na za chini ya pale unapolenga nazo zinang'aa kijani, kwa hiyo ukizidisha mwanga na ukungu unazidi vilevile, halafu GCaMP, ile protini inayofanya seli zing'ae zikifanya kazi, inafifia mapema. Mimi niliushusha mpaka seli zikawa zinaonekana tu zikiwaka, basi.

Kilichosaidia zaidi ni subira. Lenzi ikishaingia ubongo unavimba na damu kidogo inabaki chini ya kioo, ukichungulia mapema utaona giza na utakata tamaa bure, kumbe ukiacha wiki kadhaa tishu inatulia na seli zinajitokeza zenyewe. Hapo ndo tunabandika bamba la kushikia darubini, na tunalibandika huku tunaangalia picha, fokasi ya umeme ikiwa katikati ili baadaye tubaki na mikroni 200 za kusogeza fokasi juu na 200 chini. Na kabla ya yote futa uso wa lenzi kwa karatasi ya lenzi na ethanoli kidogo, vumbi la huku mnalijua.

Kwenye kompyuta naanza na programu ya NoRMCorre kutuliza mtikisiko wa picha: nachuja nakala ya video kujua imesogea kiasi gani, halafu nasogeza ile halisi. Baada ya hapo programu nyingine, CNMF-E, inatenganisha seli na ule ukungu wa nyuma, na hapa ndo nilifurahi kweli kweli, seli zilizokuwa zimefunikwa zikatoka.

Seli za ukingoni mwa picha zinazoonekana zimevutika siziweki kwenye hesabu, hiyo ni tabia ya GRIN yenyewe na hizo programu haziiondoi.