Gari la kusi: nilivyoinusuru Mazda yangu

Mtu akikwambia ununue Land Rover kuukuu kwa sababu "bodi yake alumini, hailiwi na kutu", mpe chai, mpe na mahamri, kisha msindikize mpaka mlangoni. Mimi sikumsindikiza. Nilimsikiliza, nikatoa arbuni, na mpaka leo nikipita Mambrui uso naugeuza upande wa bahari.

Lakini ya Land Rover yatakuja. Kwanza Mazda.

Nina Mazda Roadster ya 1999, ile ambayo kwengine huitwa MX-5. Nyekundu, viti viwili, paa la kitambaa unalikunja mwenyewe kwa mkono mmoja ukisubiri taa. (Taa zenyewe Malindi ziko wapi? Basi ukisubiri punda apite.) Niliinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na mama watoto aliambiwa nusu ya bei. Kaskazi ikivuma, jioni, paa limekunjwa, naishukisha taratibu barabara ya Casuarina, watoto wananipigia makofi, na mimi najifanya siwaoni. Sina ulevi mwengine.

Kinachoniua ni masika. Kwetu mvua huanza Aprili, na Mei ndiyo inayomwaga kwelikweli. Mto Sabaki unatapika matope mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mvua haijakauka, kusi nalo linakaza, na hapo upepo unakurushia chumvi mpaka ndani ya chumba cha kulala. Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi, urambe, utajua. Vasco da Gama mwenyewe alifika hapa Aprili 1498 na mwezi huohuo akang'oa nanga. Wanasema alifuata upepo wa kwenda Bara Hindi. Mimi nasema aliyaona mawingu.

Na kazi yangu iko Gongoni, kaskazini mwa Malindi, kunakotengenezwa chumvi. Kila siku navuka daraja la Sabaki kwenda na kurudi, kwenye njia ile ile ya malori ya chumvi. Ukifuata lori nyuma siku ya manyunyu, linakuachia ukungu mweupe kwenye kioo, na unajua fika kwamba uliopo kwenye kioo na chini ya gari upo.

Mwaka wa kwanza nilifanya alivyofanya kila mjinga kabla yangu: nikanunua turubai, nikaifunika Mazda, nikaiegesha chini ya mwarobaini uani, nikawa napanda matatu. Nikajiona nimemaliza. Baada ya wiki sita hivi nikafunua. Kwanza, paka alikuwa amezaa humo. Pili, turubai lilikuwa linapigapiga na upepo usiku kucha, limesugua rangi ya boneti mpaka imefifia kama leso ya zamani. Tatu, na hili ndilo lililoniliza, zulia la chini lilikuwa limelowa chepechepe. Roadster ina matundu mawili ya kutolea maji, yako nyuma ya viti, kila upande moja. Maji ya paa huingia humo, yanateremka kwa mpira mpaka karibu na magurudumu ya nyuma, yanamwagika chini. Majani ya mwarobaini ni madogo, yanapenya hata pasipopenyeka. Yalikuwa yameziba matundu yote mawili, na maji yakatafuta njia yao kupitia kwenye vizingiti vya milango. Vizingiti ndipo magari haya yanapofia. Kinachoonekana nje ni rangi safi, ndani kumeshakuwa unga.

Nilizibua kwa chelewa la ufagio. Usicheke. Chelewa linapinda na haliutoboi mpira. Waya ningeutoboa.

Mzee mmoja wa mtaani, fundi wa majahazi tangu ujana wake, akanishauri niipake sifa chini. Sifa, mafuta ya papa, kama chombo. Nikapaka. Kutu sikuiona tena, hilo nitamshuhudia mbele ya Mungu. Lakini kila niliposimama, paka wa Malindi nzima walikuwa chini ya gari langu, na mama watoto akaapa hapandi tena mpaka siku ya kiyama. Niliitoa kwa sabuni ya unga na maji ya moto, Ijumaa mbili mfululizo.

Ila mzee yule ndiye aliyenifungua akili. Siku ile napaka, akaniambia: "Mwanangu, chombo kizuri kusi likikaza hakishindani na bahari. Hupandishwa pwani. Anayetaka kitoweo hutoka na kidau." Nikabaki na brashi mkononi. Usiku nikampigia binamu yangu aliye Canada kumhadithia, naye akacheka akaniambia kwao hilo si geni: msimu wa baridi barabara humwagiwa chumvi makusudi ili barafu iyeyuke, na mwenye gari analolipenda hulifungia ndani, akanunua gari kuukuu la bei ya kutupa likaliwe na chumvi badala yake. Basi kumbe mimi nahitaji kidau.

Nikatenga kama laki na nusu, pamoja na bima na matengenezo. Watu wakanicheka. Probox kwa pesa hizo sahau, hata iliyobingirika. Tuktuk nilifikiria kwa dhati siku mbili, mpaka niliposimama pale darajani nikaona moja inavyosukumwa na upepo pembeni. Nikaangalia Suzuki za kubebea mizigo, nikaangalia Nissan za miaka ya tisini. Zote zinang'aa. Na hapo ndipo sumaku ilipoanza kazi.

Sumaku yenyewe niliitoa kwenye spika ya redio mbovu. Nikaivika soksi ya mtoto isikwaruze rangi, nikaitia mfukoni. Ukifika kwa muuzaji, yeye anakusifia rimu, wewe unapitisha soksi chini ya milango, kwenye mapaja ya magurudumu, pembeni mwa kioo cha mbele. Penye chuma inashika. Penye fila, ule udongo wa kuzibia kutu kabla ya kupaka rangi, inaanguka. Kuna Nissan moja pale Majengo ilianguka kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma. Nikamwambia muuzaji, hili si gari, hii ni chaki. Kisha vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Gari lililowahi kuzama, mkanda wake una mstari wa matope kule mwisho, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuufua. Na uende alfajiri. Ukikuta boneti ina joto, mwenyewe kaliamsha kabla hujafika, jiulize kwa nini.

Nilikuwa mjanja sana, mnaona? Sasa sikilizeni.

Dalali akanipigia: kuna Land Rover Series III, ile ndefu, iko Mambrui, mwenyewe mzee, anataka itoke. "Na bodi alumini, kaka, chumvi haiigusi." Nikaenda na soksi yangu. Mzee akanikaribisha vizuri, tende na kahawa. Nikapitisha sumaku kwenye mlango, ikaanguka. Bawa la mbele, ikaanguka. Mlango wa nyuma, ikaanguka. Damu ikanichemka. Nikasema kwa sauti, mbele ya majirani, "Ami, mzee mzima kama wewe, gari zima umelijaza fila?"

Mzee alinitazama kidogo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na majirani nao wakacheka, na kitoto kimoja kikaenda kuwaita wengine waje wacheke. "Mwanangu," akasema akijifuta machozi, "alumini haishiki sumaku."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na aibu, ndugu zangu, ni ghali. Kwa aibu ile sikulala tena chini kuchungulia. Ningewezaje, na kadamnasi yote ile? Nikatoa elfu kumi ya arbuni nikampa dalali, nikaondoka kwa haraka kama mwenye choo.

Kesho yake nikarudi na fundi wangu wa Maweni. Yeye hakugusa bodi kabisa. Alijitupa chini na bisibisi, nikasikia kimya, kisha "khrr". Bisibisi iliingia kwenye chesisi kama kisu kwenye papai. Bodi ni alumini, sawa, lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta wa mbele ulioshika bawaba za milango ni chuma pia, na chuma kinaliwa kama chuma kingine chochote. Fundi akachokoa zaidi. Kikatoka kipande cha gunia. Kisha kipande cha simiti. Mtu, Mungu amsamehe, alijaza gunia na simiti kwenye chesisi akapaka lami juu. Mzee mwenyewe alishangaa kuliko mimi. Alilinunua hivyo hivyo. Dalali hakushangaa. Dalali alisema arbuni hairudi.

Nilikaa karibu mwezi sitaki kusikia habari ya gari.

Nililolipata sikulitafuta. Nilikuwa nimekwenda Ganda kwa shughuli nyengine, nikasimama kivulini nyuma ya mashine ya kusaga. Hapo pembeni kulikuwa na Toyota Corolla DX ya steshenvagoni, imepakaa unga wa mahindi mpaka kwenye vioo, na chini yake doa jeusi la oili ukubwa wa sinia la pilau. Nyeupe? Kijivu? Sijui. Mlango mmoja ulikuwa wa gari jengine.

Mtu mwenye akili angepita. Mimi nilikuwa nimeshaungua, nikalala chini na tochi ya simu. Chini yote, kutoka kwenye injini mpaka kwenye difu, kumefunikwa tabaka la oili na vumbi, nene kama ukoko wa sufuria. Nikakwangua kwa ufunguo. Chuma kikang'aa. Nikakwangua pengine, kikang'aa. Injini ilikuwa inavuja miaka, na kwenye mwendo upepo unaipeleka oili nyuma. Kumbe gari limejipaka sifa lenyewe!

Mwenye gari alikuwa mama mmoja, ndiye mwenye mashine. Akaniambia waziwazi, "Mwanangu, sikufichi, gari hili linavuja." Mimi nikaanza maigizo: nikatikisa kichwa, nikashusha pumzi, nikalizunguka mara mbili kama ninayelihurumia. Mama akaniacha nimalize, kisha akasema, "Usinitikisie kichwa. Sema una ngapi."

Tukamalizana kwenye laki moja na kitu. Alianza laki na themanini, lakini kuvuja kulimwaibisha akajipunguzia mwenyewe, na mimi sikumzuia. Mambo ya kitabu cha gari na kubadilisha jina mnayajua.

Fundi alipoliona alitaka siku hiyohiyo abadilishe sili. Tulikaribia kugombana. Nikamwambia shughulika na breki, na bushi za mbele, na uoshe kabureta, lakini ole wako uguse uvujaji. Acha livuje. Bei ya oili ninayoongeza haifiki popote mbele ya bei ya kuchomelea. Kila Jumamosi natazama kijiti, naongeza kidogo, na nyumbani naweka karai chini yake uani pasichafuke. Injini ni ile 4K ya kabureta, fundi yeyote kati ya hapa na Marafa anaifungua macho yamefumba. Matairi mawili nilitia mapya, mawili nikayasamehe. Kwa jumla, sijui, kama laki na nusu ile ile, au ilizidi kidogo. Au ilizidi zaidi ya kidogo.

Milango haifikiwi na oili ile, basi niliinyunyizia ndani oili chafu ya gereji kwa chupa ya kunyunyizia dawa za mimea. Ukifanya hivyo jiepushe na breki, ekzosi na chochote cha mpira, na usimpakie mtu aliyevaa kanzu nyeupe kwa wiki nzima ya kwanza. Hili nililijua kwa shemeji yangu, siku ya maulidi.

Mazda nayo nikaipandisha pwani. Nililiosha tumbo lake kwa maji matamu ya mfereji, yanayotoka Baricho. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ungekuwa unaosha kutu kwa kutu. Nikazibua matundu kwa chelewa, nikatoa waya mmoja wa betri, nikajaza matairi upepo zaidi ya kawaida, nikaiweka chini ya banda la makuti lililo wazi pande zote, mbali na mwarobaini. Turubai nilimpa jirani, anaanikia mpunga.

Misimu miwili sasa. Aprili, DX inatoka, inapita kwenye madimbwi ya Gongoni kama kiboko, malori yanainyunyizia chumvi na haina habari. Mama watoto anaipenda kuliko ile nyekundu, kwa sababu inabeba gunia la nazi na wifi zake wawili. Septemba anga likitulia naikunjua Mazda, na vizingiti nimevipima kwa sumaku ile ile, bado inashika.

Wiki iliyopita dalali wa Mambrui alinisimamisha sokoni, kanishika mkono kwa mikono miwili. Ana mteja wa DX, anasema, mtu wa pesa taslimu, hata leo. Nikamwambia aanze kwa kunipa elfu kumi yangu.