Mama amekabidhi funguo

Jumapili, saa nne usiku. Old Moshi, mlimani Kilimanjaro.

Leo baada ya ibada Mama amekabidhi funguo. Ziko tatu, zimefungwa pamoja kwa uzi wa katani: ya stoo ya sufuria, ya kabati la vitambaa vya madhabahuni, na ya sanduku la bati ambamo hukaa daftari la misiba. Mchungaji alimwomba aseme neno kwa washarika. Akainuka akiegemea benchi, maana magoti hayamwachii tena kusimama bila kushika kitu, akasema, "Ile sufuria kubwa ya pili inavuja karibu na mkono. Msiipikie mchuzi." Akakaa. Kanisa zima likasimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma na wanakwaya, nikalia mpaka dada wa sauti ya pili akanipa kanga yake nijifute.

Ana miaka 79. Alibatizwa akiwa mchanga, kabla yale makanisa saba ya Kilutheri hayajaungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Uzee wa kanisa ameushika vipindi vingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Amekuwa mweka hazina wa wanawake, mjumbe wa nyumba kumi, mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Nikiviorodhesha hivi vyeo vinaonekana vingi, lakini nyumbani hatukuviona kama vyeo. Tulichokiona ni Mama kutoka saa kumi na moja alfajiri akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, na kurudi giza limeingia.

Jana jioni aliniomba nimsomee lile daftari kwa mara ya mwisho kabla ya kulikabidhi, macho yake sasa hayasomi penseli. Kila msiba una ukurasa wake, wa waliokuja na walicholeta. Mikungu mitatu ya ndizi mshare. Maziwa lita tano. Kuni mzigo mmoja. Sukari kilo mbili. Halafu katikati ya orodha, kwa mwandiko uleule na kwenye mstari wa urefu uleule, nikakuta jina la mama mmoja wa kule bondeni na mbele yake neno moja tu: *amekuja*. Nikapindua kurasa. Yapo mengi. Amekuja. Amekuja, amelala siku mbili. Amekuja, ameosha vyombo. Nikamuuliza mbona hakuacha nafasi ya kiasi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Hicho ndicho kiasi chenyewe, mwanangu."

Wazee wa hapa husimulia kwamba usharika wetu wa mlimani ulijengwa hivyo tangu zamani. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ndiyo mawe ya kujengea kanisa, na kwamba si halali kuyabomoa ili kumfanya mtu awe Mkristo. Nilisoma hayo chuoni, nikayaona kama nadharia ya Mzungu mmoja wa misheni ya Leipzig, Ujerumani. Ila yeye aliyakuta hapa. Waliokuwa wakiyabeba ni akina mama wenye ndizi na maziwa, kwa sababu kahawa ilikuwa ya baba, na fedha ya kahawa ilipitia mikononi mwa baba. Kahawa ilipoanguka bei, sadaka kanisani haikukauka. Ilitoka kwenye vibuyu vya maziwa na kwenye kapu la soko la Kiboriloni.

Nikiri jambo hapa. Kwa miaka mingi nilikuwa na kinyongo na hilo daftari. Siku ya mahafali yangu ya kidato cha nne nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama geti mpaka wazazi wa wenzangu wakaanza kuondoka. Mama alikuwa msibani anapika. Alifika usiku, ananuka moshi, na kipande cha keki ambacho sijui alikitoa wapi, amekifunga kwenye jani la mgomba. Sikukila. Sikuwahi kumwambia kilichonikaa rohoni, na jana, nikipindua kurasa, nikaukuta ukurasa wa siku ile. Ni msiba wa mtoto. Waliohudhuria ni wanane tu. Nikafunga daftari kwanza, nikatoka nje kidogo.

Ninalotaka kuliandika zaidi, kabla sijalala, ni la yule mjane na mpaka wake. Nilikuwepo kwa macho yangu, nimekuja likizo.

Mumewe alipofariki, haukupita mwaka shemeji yake akakata masale ya mpakani, akayapanda upya hatua sita ndani ya kihamba cha marehemu, yaani shamba la nyumbani la ukoo. Kwa asiyejua: masale ni mimea ya majani marefu, na kwetu ndiyo uzio na ndiyo hati. Mpaka wa kihamba huonyeshwa kwa masale, na jani lake ndilo analobeba mtu anapokwenda kumwomba msamaha aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai. Mimea hiyohiyo inalinda ardhi na inapatanisha watu.

Shauri likafika baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Mama alikuwa mmoja wa hao watatu. Wanaume walizungumza asubuhi nzima kuhusu ukoo na kuhusu mwanamke wa kuja. Mama hakusema kitu. Mchana akawaomba wote watoke waende wakaone. Pale mpaka wa zamani ulipokuwa, palionekana udongo uliosawazishwa tu, juu yake majani makavu ya migomba. Akapiga magoti, wakati huo magoti yalikuwa bado yanamtii, akaanza kufukua kwa mikono. Isale halifi upesi. Ukikata shina, mzizi unabaki na kuchipua. Akatoa udongo pole pole mpaka kikaonekana kichipukizi cha kijani, kidogo kama kidole cha mtoto. Akasogea hatua mbili, akafukua, kingine. Akaenda hivyo kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye mfereji. Hakuna aliyesema neno. Mzee mmoja akavua kofia.

Baraza likaamua mpaka urudi. Lakini haukurudishwa, na baada ya wiki mbili shemeji mtu akaja kwa mjane na jani la isale mkononi, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Mjane akatuma mtoto mbio amwite Mama.

Hapo ndipo nilipomjua mama yangu. Mila inasema pokea. Mahubiri ya kila Jumapili yanasema samehe. Kila mtu alikaa akingoja mzee wa kanisa amhimize mjane anyooshe mkono. Mama akawaamkia wazee, akakaa, akaomba Biblia, akasoma Luka 19, habari ya Zakayo, pale anaposema kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu atamrudishia mara nne. Akafunga kitabu. Akasema kwa sauti ya chini, na kwa heshima zote, "Shemeji, hatukatai jani lako. Liweke ndani kwenye maji lisinyauke. Kapande kwanza yale mengine, halafu ulilete."

Shemeji mtu alikasirika, akaondoka. Miezi minne watu walimsema Mama kwamba anafundisha wanawake ukaidi, na kuna waliosema asiendelee kuwa mzee wa kanisa. Naandika hili kwa sababu leo kanisani lilirukwa. Walisifu unyenyekevu wake tu. Alikuwa mnyenyekevu, ndiyo, lakini alikuwa pia ndiye aliyesema waziwazi, KKKT ilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba aliyeweza kumzika mtu kwa mikono yake anaweza pia kumzika kwa neno. Sipendi wamkumbuke kwa upole peke yake.

Masale yalipandwa mwezi wa tano, mvua zikiwa bado zinanyesha. Jani lililetwa jioni ya siku hiyohiyo. Mjane alilipokea, wakanywa maziwa pamoja. Shemeji huyo ndiye aliyebeba jeneza la baba yangu mbele upande wa kulia, miaka sita baadaye. Limo kwenye daftari: amekuja.

Sasa Mama amelala. Karibu na mlango wa jiko upo msumari ambao funguo zimening'inia tangu nina akili zangu. Jioni nilimwona anapita, mkono ukaenda wenyewe, ukaugusa msumari, akaendelea na fimbo yake hadi kitandani. Nikamfunika. Nikadhani ameshasinzia, akafumbua macho.

"Yule mama wa bondeni leo hakuwa kanisani," akasema. "Umemwona?"

Nikamwambia sikumwona.

"Basi kesho pita huko kabla hujashuka mjini. Usiende mikono mitupu. Lakini kama hakuna kitu, nenda tu."

Gari la kwanza la kwenda Kiboriloni hupita saa kumi na mbili. Nimetega saa ya kumi na moja.