Herufi D si sifuri: nilivyowarahisishia wanauchumi wa biashara sensa ya kiuchumi ya Marekani

Mwaka 2020 nilikuwa mtakwimu pekee katika ofisi ndogo ya ushauri wa biashara mjini Columbus, Ohio, yenye wanauchumi wanne ambao kazi yao ni kuwashauri wenye maduka, maghala na viwanda vya wastani wapi pa kupanulia shughuli zao. Mwishoni mwa Machi mwaka huo Ofisi ya Sensa ya Marekani iliizima tovuti yake ya zamani, American FactFinder, na nafasi yake ikachukuliwa na data.census.gov. Wanauchumi wale wakaanza kunijia mmoja baada ya mwingine na lalamiko lilelile, kwamba majedwali ya sensa ya kiuchumi waliyozoea kuyafikia bila hata kufikiri sasa hawayaoni. Nilipokabidhiwa jambo hilo nilikadiria wiki mbili. Lilinichukua takribani mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo haikwenda katika kuzitafuta takwimu bali katika kuzieleza.

Sensa ya kiuchumi hufanywa kila baada ya miaka mitano, kwa miaka inayoishia na 2 na 7, na wafanyabiashara wanaopelekewa dodoso hulazimika kisheria kujibu. Kilimo hakimo, kwa kuwa kina sensa yake chini ya wizara ya kilimo. Kinachohesabiwa si kampuni bali mahali pa kazi: duka moja, ghala moja, kiwanda kimoja. Kampuni yenye maduka kumi na ghala moja huonekana mara kumi katika rejareja na mara moja katika uhifadhi wa bidhaa, na asiyelikumbuka hilo hushangaa kuona wafanyakazi wa kampuni anayoifahamu wametawanyika katika majedwali tofauti.

Nilianza kwa kuwaachisha wenzangu kupakua faili kwa mkono. Niliandika programu fupi ya kuchota takwimu za 2017 moja kwa moja kutoka hifadhidata ya serikali, kwa kaunti zote 88 za Ohio na za majimbo tunayopakana nayo. Matatizo ya hatua hiyo yalikuwa madogo, ila ya kuudhi. Excel hufuta sifuri za mwanzo, hivyo kaunti ya Franklin, ambayo msimbo wake ni 049 ndani ya jimbo namba 39, ikawa 49 na kukataa kuungana na jedwali lolote. Isitoshe, mauzo huandikwa kwa maelfu ya dola, na rasimu moja ilikaribia kumfikia mteja ikidai kwamba mauzo ya kaunti nzima hayafikii ya duka moja la mtaani. Niliamuru misimbo yote isomwe kama maandishi na mauzo yazidishwe kabla mtu yeyote hajayaona.

Kosa kubwa nililifanya mwenyewe. Katika majedwali hayo visanduku vingi havina namba, vina herufi, na programu yangu ilipozikataa nilizigeuza zote kuwa sifuri ili kazi iendelee. Wiki tatu baadaye mwanauchumi mmoja aliandika katika rasimu yake kwamba kaunti fulani haina kiwanda hata kimoja cha aina aliyokuwa akiichunguza, kisha akasita, kwa sababu kiwanda cha aina hiyo hukipita kila asubuhi akija kazini. Alinijia akiwa mpole kuliko nilivyostahili.

Herufi iliyokuwa pale ni D, na maana yake ni kwamba takwimu ipo lakini imezuiwa ili isifichue habari za kampuni moja moja, jambo ambalo sheria ya sensa inalikataza kabisa. Kaunti ikiwa na viwanda viwili tu vya aina moja, kuchapisha jumla ya mauzo yao ni kumpa kila mmoja wao hesabu ya mwenzake, kwani atatoa yake na kubaki na ya jirani. Tena haitoshi kuficha kisanduku kimoja: kama jumla ya jimbo na kaunti nyingine zote zimechapishwa, kilichofichwa hupatikana kwa kutoa tu, kwa hiyo kaunti ya pili nayo hufichwa hata kama haina siri yoyote. Ndiyo maana D mara nyingi huangukia mahali palipo na mwajiri mmoja mkubwa, yaani palepale ambapo mshauri wa biashara angependa kutazama. Mimi nilikuwa nimepaandika sifuri.

Nilirudi nyuma na kutenganisha safu mbili, moja ya namba na nyingine ya sababu ya kukosekana kwa namba. Kisanduku chenye D kikapata rangi ya kijivu na maneno "ipo, imezuiwa". Chenye S, ambayo ni alama ya makadirio yasiyofikia kiwango cha kuchapishwa, kikapata maneno yake. Kisha nikaongeza hesabu moja ambayo wenzangu waliipenda kuliko zote: jumla ya jimbo ukiondoa kaunti zilizochapishwa, ili wajue zile zilizofichwa kwa pamoja haziwezi kuzidi kiasi gani. Kuigawa jumla hiyo kwa kila kaunti nilikataa, ingawa niliombwa mara nyingi, kwa sababu kisio likishaingia ndani ya jedwali hakuna anayekumbuka tena kwamba lilikuwa kisio.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya majina. Uainishaji wa shughuli unaotumiwa na Marekani, Kanada na Meksiko una misimbo ya tarakimu sita. Tano za kwanza kwa kawaida ni za nchi zote tatu na ya sita ni ya kila nchi. Mimi niliyefundishwa Dar es Salaam kwa uainishaji wa kimataifa wa tarakimu nne nilipotea humo kwa muda. Wanauchumi nao hawafikiri kwa misimbo, wanafikiri kwa maneno ya wateja wao: duka la vipuri vya magari, wauza mafuta ya kupashia nyumba joto. Niliketi na kila mmoja wao, nikaandika maneno anayoyatumia kweli, tukapata kamusi ya maneno kama mia tatu inayompeleka mtu kwenye msimbo wake.

Mwanzoni mwa 2024 yakaanza kutoka matokeo ya sensa ya 2022, na kamusi yetu ikavunjika upande wa rejareja. Uainishaji mpya ulikuwa umefuta kundi la 454, la wauzaji wasio na maduka, wakiwemo wa mtandaoni, na kuwagawa kufuatana na bidhaa wanazouza. Wa nguo walikwenda 458 pamoja na maduka ya nguo. Asiyejua angesema biashara ya mtandaoni imetoweka na maduka ya nguo yamestawi ghafla. Mkuu wangu alitaka mstari mmoja wa kuanzia 2017 hadi 2022 kwa kila kundi. Tulibishana siku mbili, tukakubaliana kwamba mstari uunganishwe kwa rejareja nzima tu, na kwa makundi ya ndani ukatike, huku maelezo ya mkato huo yakiandikwa juu ya mchoro na si chini kwa maandishi madogo.

Sasa kamusi ina safu mbili za misimbo, ya 2017 na ya 2022. Ya tatu nimeiacha wazi kwa ajili ya 2027.